Laki mbili kwa amplifaya ya dingi? Thubutu!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya nani kaachana na nani. Nina langu la nyumbani, na lilikaribia kunitoa machozi mbele ya watu, mimi chalii mzima wa Arusha niliyekulia Ngarenaro!

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, wakati ule wa baridi ambapo Mlima Meru huuoni mpaka saa sita mchana, jamaa mmoja alisimama sebuleni kwetu akiikagua amplifaya ya gitaa ya marehemu dingi. Akaizunguka mara mbili. Akachomeka gitaa alilokuja nalo, akacharaza kidogo, kisha akakizungusha kitufe kilichoandikwa Reverb kutoka moja hadi kumi. Hakuna kitu! Sauti ya gitaa ilitoka, lakini kavu kama ugali wa jana. Jamaa akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema.

"Mama," alimwambia bimkubwa kwa adabu zote, "hii imeshakufa. Rivabu ndiyo roho ya amplifaya hii, na spea zake hazipatikani. Mimi nawasaidia tu. Laki mbili, nawapa sasa hivi."

Sasa elewa hali yetu ilivyokuwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na awamu ya kwanza ya ada ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Ng'ombe hatuna, kiwanja hatuna. Tulichokuwa nacho ni sanduku hilo la karibu kilo 30, Fender Twin Reverb ya miaka ya 1970, ambayo dingi aliipata enzi zake za kupiga gitaa la rizimu mahotelini. Alipofariki, ilipelekwa kwa bibi kule Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa chini ya mlima, ikakaa stoo miaka tisa. Panya walishaonja kitambaa cha mbele ya spika.

Laki mbili si hela ya kuitemea mate, bwana. Bimkubwa akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kilichoniokoa ni kitu kimoja tu: jamaa alikuwa na haraka mno. Mtu anayenunua maiti, anakimbilia nini? Nikamwambia, "Kaka, tupe siku tatu tuongee kifamilia." Akanuna, akaondoka.

RIVABU NI MDUDU GANI?

Bila shaka umeshawahi kuimba bafuni ukajiona wewe ndiye Mbilia Bel. Kisha ukatoka sebuleni, kwenye makochi na mapazia, ukaimba wimbo uleule na ukajishangaa mwenyewe. Sauti ni ileile, tofauti ni kuta. Bafuni sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga mwingine, inarudi tena, haraka kiasi kwamba sikio haliwezi kuhesabu. Sebuleni makochi yanaimeza.

Kiswahili chetu tunaita mwangwi, lakini upo wa aina mbili. Watu wanaopanda Meru wanaujua ule wa kwanza. Ndani ya kreta kuna ukuta wa mwamba wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita 170 kutoka kwenye mwamba ukaita "Weee!", baada ya sekunde moja hivi mwamba nao utakuita "Weee!" Huo ni mwangwi wa kuhesabika. Wa pili ni ule wa bafuni au wa kanisa kubwa, ambako marudio ni mengi na yanakimbizana mpaka yanakuwa kama moshi unaofuata sauti. Huo wa pili ndio wanamuziki wanauita rivabu.

Sasa gitaa la umeme halina bafu wala kanisa. Sauti inatoka kwenye nyuzi, inapita kwenye waya, inafika kwenye spika ikiwa kavu kabisa. Rivabu ni ujanja wa kuipa sauti hiyo mahali pa kukaa. Unapiga ukiwa kwenye kibanda cha mabati, msikilizaji anadhani uko ukumbini.

KWA MZEE WA KALOLENI

Jumatatu asubuhi nikaibeba amplifaya kuelekea Kaloleni. Konda wa kifodi alipoliona lile sanduku akataka nauli ya watu watatu. Nikampa, ningefanyaje? Kule kuna mzee mmoja fundi redio, alikuwa akifungua redio za valvu kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana." Hakunitazama mimi, aliitazama amplifaya. "Hii si ya marehemu baba yako? Imepatwa na nini?"

Nikamweleza habari za rivabu kufa na spea kutopatikana. Akacheka taratibu. Kwanza akaangalia nyuma ya sanduku, penye maelezo ya umeme, maana amplifaya nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya kwetu unaweza kuishia na moshi. Ya dingi ilikuwa ya kuuzwa nje ya Marekani, inakubali umeme wetu. Kisha akainama, akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku, akavuta mfuko mweusi mithili ya begi la shule. Ndani ya mfuko kulikuwa na kiboksi cha bati chenye urefu wa sentimita 43 hivi. Akakigeuza.

Msomaji wangu, nilitegemea kuona mitambo ya kwenda mwezini. Nikaona springi! Springi mbili ndefu, nyembamba, zimening'inizwa kutoka upande huu hadi ule. Zinamfanya mtu afikirie kitanda cha zamani, siyo muziki.

Mzee akanipa somo papo hapo. Upande mmoja kuna koili ya waya, na katikati yake sumaku ndogo iliyoshikana na springi. Umeme wa sauti ya gitaa ukipita kwenye koili, sumaku inacheza na kuisokota springi kidogo, huku na huku. Msokoto huo unasafiri hadi mwisho wa springi, unatikisa sumaku nyingine, na koili ya pili inaugeuza kuwa umeme tena. Safari hiyo moja inachukua kama sehemu 30 hadi 40 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Lakini haiishii hapo. Sehemu ya msokoto inagonga mwisho na kurudi ilikotoka, kisha inakwenda tena, mara nyingi, mpaka inachoka baada ya sekunde mbili, tatu au hata nne. Springi hazilingani kwa kasi, ili marudio yao yachanganyike na yasije kwa mpigo mmoja. Sauti hiyo iliyozunguka inachanganywa na ile kavu, na kitufe cha Reverb ndicho kinachopima ni kiasi gani kiingie.

"Kwa hiyo mzee, ukumbi wote umo kwenye hili bati?"

"Wote umo humu, mwanangu. Hata viti."

MAITI HAIPIGI KELELE

Akawasha amplifaya, akaziacha valvu zipate moto. Kisha akakigonga kile kiboksi kwa kidole. GRRAAANG! Radi ilitoka kwenye spika mpaka wateja wa mama ntilie wa jirani wakaacha vijiko hewani. Mimi nilisharuka hatua mbili nyuma. Mzee anacheka tu.

"Umesikia? Maiti haipigi kelele."

Hesabu yake ilikuwa rahisi ile mbaya. Kama ukizitikisa springi unasikia radi kwenye spika, basi kuanzia kwenye springi hadi kwenye spika kila kitu ni kizima. Ugonjwa uko upande wa pili, ule unaopeleka sauti kwenye springi. Akazima, akachomoa waya mbili za kiboksi, akachukua mita. Koili ya kupokea ikaonyesha kama omu 200, safi. Koili ya kupeleka, ambayo ilitakiwa ionyeshe kama omu moja tu, haikuonyesha chochote. Mshale wa mita haukutikisika.

Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Kati ya tundu la kuchomekea waya na koili kuna uzi mwembamba wa shaba kama unywele. Ulikuwa umekatika penye kiungo, pana kutu ya kijani. Unyevu wa Nkoaranga, miaka tisa. Akalehemu. Dakika 20, shilingi 15,000, na chai nikanunua mimi.

Alinionya jambo moja ambalo nawe nakuomba ulishike. Kile kiboksi cha springi ni salama kukishika ukishakichomoa, lakini usifungue upande wa juu wenye valvu na kuanza kuchokonoa. Kapasita za amplifaya ya valvu zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa umeme ukutani. Huo si umeme wa kutaniana nao. Mwachie fundi.

WAZO LA SIMU, KAZI YA FUNDI REDIO

Huku analehemu, nikawa nawaza: nani alikaa akafikiria kuutia ukumbi ndani ya springi? Nimefuatilia, kwa taarifa yako, na jibu linachekesha. Wazo lilitoka kwenye simu! Wahandisi wa Bell huko Marekani walitumia springi kuiga jinsi sauti inavyochelewa kwenye waya za simu za masafa marefu. Laurens Hammond, ambaye kinanda chake cha umeme kilitoka mwaka 1935, akaidaka mbinu hiyo. Wateja wake walikuwa wakiviweka vinanda majumbani na kwenye makanisa madogo yenye mazulia, sauti inakuwa kavu, hawapati ule mvumo wa kanisa kubwa. Kufikia mwaka 1960 hivi kampuni yake ilikuwa na kiboksi kidogo cha springi, na amplifaya nyingi za leo bado zinabeba kiboksi cha aina hiyohiyo.

Kutoka hapo kikaingia kwenye magitaa. Mwaka 1961 Fender walitoa rivabu ya springi kama sanduku la peke yake, na vijana wa pwani ya California, Dick Dale akiwa mbele, wakaifungulia mpaka gitaa likasikika kama limelowa maji. Mwaka 1963 rivabu ikaingizwa ndani ya amplifaya yenyewe, kwanza Vibroverb, kisha Twin Reverb, mama wa hii yetu. Na huyo Leo Fender aliyeanzisha mambo, gitaa alikuwa hajui kupiga! Alianza na kibanda cha kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938. Fundi redio, kama mzee wangu wa Kaloleni. Ukipita ukamkuta mtu kainamia redio, msalimie kwa heshima.

ALAMA NYEKUNDU

Jioni nikairudisha nyumbani. Bimkubwa alikuwa jikoni anapika makande. Nikachomeka gitaa, nikazungusha rivabu hadi kumi kwa sifa, nikapiga. Sebule yetu ya futi kumi kwa kumi na mbili ikageuka kanisa kuu. Nikapiga tena. Yakawa makelele matupu, kila noti inaikanyaga mwenzake.

Sauti ikatoka jikoni: "Rudisha kwenye alama!"

"Alama gani, mama?"

"Angalia kitufe vizuri. Rangi yangu ya kucha."

Nikainama. Kweli, pembeni ya kitufe, kati ya mbili na tatu, kulikuwa na kitone chekundu kilichofifia. Siku zote nilidhani ni uchafu. Kumbe dingi aliiba rangi ya kucha ya bimkubwa, akaweka alama ili kwenye giza la ukumbi asipoteze muda kutafuta.

Na hapo ndipo nilipoelewa muziki wetu. Vijana wa Dick Dale walikuwa na gitaa moja linaloongoza, basi liloe tu. Sisi dansi letu magitaa yanasukana kama mkeka: solo inasema, rizimu inajibu, besi inawashikilia wote. Wakina Wilson na George Peter Kinyonga, vijana wa Tanga, walipita hapa mjini mwaka 1970 wakiwa na Arusha Jazz, kabla hawajavuka kwenda Mombasa na kuwa Simba Wanyika. Sikiliza kazi zao utaona: ukilowesha rizimu kwa rivabu ya kumi, ule mkeka unakuwa uji. Rizimu inataka mwangwi kidogo tu, wa kuifanya isisikike imetoka ndani ya kopo.

Nikarudisha kwenye alama. Nikapiga kile kipande pekee alichonifundisha marehemu. Bimkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi, akakaa kwenye kochi, akasikiliza mpaka mwisho. Kimya. Nikajua sasa ataniambia amplifaya haiuzwi.

"Iuze," akasema.

"Mama!"

"Baba yako alipiga gitaa ili mle na msome. Hakupiga ili mimi nikae hapa natazama sanduku. Iuze, mwanangu. Ila iuze ikiwa hai."

Jamaa wa laki mbili alirudi Jumanne. Nikamwambia agonge springi mwenyewe. Radi ile ikampandisha bei hadi laki sita pale pale, bila mimi kufungua mdomo! Nikamshukuru, nikamfungulia mlango. Wiki mbili baadaye bwana mmoja anayepiga muziki upande wa Usa River aliichukua kwa 1,400,000. Mdogo wangu yuko chuoni sasa, na sare kashonewa.

JE, WA KISASA WANASEMAJE?

Mimi nimejinunulia kijisanduku cha kukanyaga, cha kidijitali, kidogo kuliko sabuni ya kufulia. Ndani hakuna springi, kuna chipu inayopiga hesabu za mwangwi. Tusidanganyane, ni kizuri. Hata Fender wenyewe, mwaka 2019, walitoa Twin Reverb ya kidijitali wakaiita Tone Master. Haina valvu wala springi, na uzito wake ni kama kilo 15, nusu ya ile ya zamani. Unaibeba kwenye toyo bila kumwomba dereva msamaha. Mcheza dansi akiigonga kwa kiuno, hairushi radi.

Lakini ya springi ina sifa moja ambayo mfukoni mwa Mtanzania ni kubwa: ikiugua unaweza kuiuliza inaumwa wapi, na itakujibu. Kidole, mita, chuma cha kulehemu, basi. Chipu ikifa, mzee wa Kaloleni anaweza tu kukupa pole.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua au kuuza amplifaya ya zamani, kabla hujaambiwa imekufa, fanya haya. Angalia kwanza inataka volti ngapi. Kama ina swichi ya kukanyaga, ichomoe, maana ikiharibika inaweza kuizima rivabu yenyewe. Gonga kiboksi taratibu: ukisikia radi, tafuta ugonjwa upande wa kupeleka, usiposikia, tafuta upande wa kupokea, ukianza na zile waya mbili. Kiboksi kirudishe kilipokuwa, chini, mbali na transfoma kubwa, la sivyo kitakuvumia kama nyuki. Na ukiambiwa spea hakuna, cheka: viboksi vya springi vipya vinatengenezwa hadi leo, vinaagizwa.

Juzi nilipita Usa River nikaisikia kabla sijaiona. Nikajipenyeza hadi mbele ya jukwaa. Kitone chekundu bado kipo. Jamaa alikuwa kaweka tano!

Nikauma meno, nikanunua soda, nikakaa. Si yangu tena.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa. Msalimie bimkubwa wako, na umuulize kama kuna kitu stooni. Alamsiki!